Saa Chache Singapore: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaounganisha Ndege

Maswali haya yametoka kwa jamaa, majirani na wanafunzi wanaokwenda Perth, Melbourne au Sydney, na kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliohamia Australia ambao kila wakirudi kusalimia nyumbani hujikuta wamekaa Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, kwa saa sita, saa kumi au usiku kucha. Mimi hupita pale nikienda kumwona dada yangu. Mara ya kwanza nilikaa saa tisa kwenye kiti kimoja nikilinda begi, nikiamini kutoka nje ni marufuku. Si marufuku.

Saa zote hapa chini ni za Kiswahili. Saa mbili usiku ndiyo 20:00 kwenye mbao za uwanjani.

## Kabla ya kuondoka nyumbani

Nahitaji viza ili nitoke nje ya uwanja?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hahitaji viza kwa ziara fupi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha. Afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza tiketi ya kuendelea na safari na viza ya nchi uendako, kwa hiyo viweke mkononi, usivifungie kwenye begi kubwa. Mwenye pasipoti ya Somalia au Sudan Kusini lazima apate viza mapema. Wa nchi nyingine aangalie orodha kwenye tovuti ya ICA, mamlaka ya uhamiaji ya Singapore, kwa sababu orodha hiyo hubadilika.

Ukitaka kuingia mjini, jaza pia fomu ya mtandaoni iitwayo SG Arrival Card ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti ikikudai pesa ya kuijaza, ujue umeingia tovuti isiyo yenyewe. Asiyepita uhamiaji hahitaji kuijaza.

Kadi ya njano wanaiuliza kweli?

Wanaiuliza, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Singapore hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa mtu aliyekuwa kwenye nchi yenye hatari ya ugonjwa huo ndani ya siku sita kabla ya kufika. Kenya, Uganda, Burundi, Kongo na Ethiopia ni nchi za namna hiyo. Hata ukitokea kwingine ukakaa kwenye uwanja wa mojawapo ya nchi hizo zaidi ya saa 12, unaweza kuhesabiwa umo. Asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita zitimie.

Chanjo huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku tatu kabla ya safari hakusaidii. Ukishachanjwa mara moja, cheti ni cha maisha. Wakala mmoja aliyemkatia tiketi shemeji yangu alimwambia kadi ni "kwa wanaotoka nje tu". Shemeji hakupata usingizi hadi alipotumiwa picha ya kadi na mkewe. Ibebe, hata kama unatoka Tanzania na umeambiwa huihitaji.

Saa ngapi zinatosha kutoka kwenda mjini?

Usihesabu saa zilizo kwenye tiketi, hesabu zinazobaki. Toa saa moja ya kushuka, kutembea na kupita uhamiaji. Toa dakika 45 hadi saa nzima za kwenda mjini kwa treni, na nyingine kama hizo za kurudi. Toa saa mbili za kuwa uwanjani kabla ya ndege. Mwenye saa saba anabakiwa na mbili kwa shida. Mwenye kumi anazo tano nzuri.

Chini ya saa tano na nusu, baki ndani, na wala usisikitike (tazama swali la Jewel). Kuanzia tano na nusu kuna ziara ya bure iliyoelezwa hapa chini. Kuanzia nane, toka mwenyewe.

Nimepanga kuona sehemu saba. Zitawezekana?

Zitawezekana, nawe hutaona hata moja. Singapore kwa ukubwa haifiki nusu ya Unguja, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu: kwenye ramani kila kitu kiko karibu. Lakini joto ni la Dar ya Februari, una usingizi wa ndege, na kila safari ya treni hula nusu saa. Chagua mtaa mmoja. Kaa chini, kula, tazama watu wanavyoishi. Ukibakiwa na saa mbili, ongeza sehemu moja ya usiku. Ushauri wangu wa mtaa uko kwenye swali la Kampong Gelam.

Nivae nini?

Singapore iko takriban nyuzi 1.3 kaskazini mwa ikweta, na Nairobi takriban 1.3 kusini. Ni kama zimetazamana. Ila Nairobi iko juu mlimani na Singapore iko baharini, kwa hiyo mtu wa Nairobi aache sweta ndani ya begi na mtu wa Mombasa ajihisi nyumbani. Vaa pamba na viatu vilivyokwishazoea mguu. Beba mwavuli mdogo, maana mvua ya alasiri huja bila kubisha hodi. Kwenye treni na madukani kuna baridi ya viyoyozi, basi kitenge au shali itakufaa.

## Uwanjani Changi

Begi langu kubwa nalifanyaje?

Kama tiketi ni moja hadi mwisho wa safari, limeshapelekwa. Angalia kibandiko ulichopewa mwanzoni kina jina la uwanja gani. Begi la mkononi unaweza kuliacha kwenye ofisi za kuhifadhi mizigo, zinazofanya kazi saa 24. Hulipishwa. Lipa. Kuburuta begi kwenye jua kunaua matembezi. Mwenye tiketi mbili tofauti asome sehemu ya mwisho.

Ile ziara ya bure ni ya kweli?

Ni ya kweli. Inaitwa Free Singapore Tour, na ni kwa abiria wa transiti, yaani anayeunganisha ndege, mwenye saa tano na nusu au zaidi lakini chini ya 24. Huchukua kama saa mbili na nusu, kwa basi, pamoja na kiongozi. Zipo njia kadhaa, mojawapo ya mitaa ya kale na nyingine ya katikati ya mji. Unajiandikisha mtandaoni au kwenye kaunta zao zilizo eneo la transiti, jengo la abiria (terminal) la 2 na la 3.

Angalia jambo moja: lazima uwe bado hujapita uhamiaji. Ukishatoka mwenyewe, umejitoa. Masharti ya kuingia nchini ni yaleyale, kadi ya njano ikiwemo. Kwa mzee, kwa mtu asiyejua Kiingereza vizuri, au kwa anayesafiri peke yake mara ya kwanza, ningechagua ziara hii bila kufikiri mara mbili.

Jewel ni nini, na naweza kuiona bila kutoka?

Ni jengo kubwa la vioo lililofunguliwa mwaka 2019, na katikati yake maji yanaanguka kutoka darini, mita 40, huku msitu wa miti halisi umeyazunguka. Kuingia ni bure, lakini liko nje ya uhamiaji, kwa hiyo lazima upite. Maji husimamishwa saa nne usiku.

Asiyetaka kutoka apande treni ndogo ya bure inayokwenda kati ya jengo la 2 na la 3. Inakatiza ndani ya Jewel, na kwa sekunde chache maporomoko yote yako dirishani kwako. Kisha nenda kwenye bustani ya vipepeo, jengo la 3. Mimi nilitua mkono ukingoni, kipepeo mweusi akaukanyaga, akakunjua ulimi wake mwembamba kama uzi akaonja jasho. Sikusogea hadi alipoondoka mwenyewe.

Pa kulala na kusali?

Kuna sehemu za viti vya kulalia bila malipo, na hoteli za ndani ya transiti zinazokodishwa kwa saa chache. Vyumba vya ibada vya dini zote viko eneo la transiti na viko wazi saa 24. Wai-fai ni ya bure. Plagi ni za miguu mitatu bapa kama za kwetu, huhitaji kununua adapta.

## Kuingia mjini

Naendaje mjini, na kwa pesa gani?

Kituo cha treni kiko chini ya jengo la 2 na la 3. Gusa mashine kwa kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya kulipa kwa kugusa. Gusa tena unapotoka. Nauli haifiki dola tatu za Singapore, ukiongeza ada ndogo ya kadi za nje. Dola moja ya Singapore ni karibu shilingi 100 za Kenya, au karibu 2,000 za Tanzania. Mkiwa watatu au wanne mnaweza kugawana nauli ya teksi. Badilisha dola 20 au 30 uwanjani kwa ajili ya vibanda vya chakula, vingine hupenda pesa taslimu.

Magari huenda kushoto kama kwetu. Ndani ya treni usile wala kunywa, hata maji: faini inaweza kufika dola 500.

Nikiwa na nafasi ya kuona mtaa mmoja tu, niende wapi?

Kampong Gelam. Nasema hivi hasa kwa mtu wa pwani, lakini hata wa Goma au Mwanza hatajuta.

Panda treni hadi Tanah Merah, vuka upande wa pili wa jukwaa, endelea na njia ya kijani hadi Bugis. Njiani utapita kituo kiitwacho Aljunied. Ni jina la ukoo wa Kihadhrami uliofanya biashara hapa tangu miaka ya mwanzo ya bandari hii, kutoka Hadhramaut ileile walikotoka mababu wa masharifu wengi wa Lamu na Zanzibar. Wengine walipanda jahazi kwenda kusini, wengine mashariki.

Kutoka Bugis ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Msikiti wa Sultan utauona kwa kuba zake za dhahabu. Ulioko sasa ulikamilika mwaka 1932. Karibia, kisha inua macho chini ya kuba, pale panapokutana na ukuta: kuna mkanda mweusi unaong'aa. Ule si marumaru. Ni vitako vya chupa za kioo, vimepangwa safu juu ya safu. Maskini waliokosa fedha za kuchangia ujenzi walileta chupa, ili kila mmoja awe na sehemu yake msikitini. Nilipoelezwa hivyo nilirudi kuutazama mara ya pili.

Wageni huruhusiwa kuingia nje ya nyakati za swala, isipokuwa Ijumaa. Vazi la kujisitiri huazimwa mlangoni. Anayekwenda kuswali haulizwi kitu.

Ukitoka, tembea polepole. Kuna mtaa wa Basra, unaoandikwa Bussorah, mtaa wa Baghdad, na Arab Street yenye maduka ya vitambaa ambamo muuzaji hufungua jora mezani kama Mtaa wa Biashara Mombasa. Tena kuna Muscat Street, yenye matao ya mawe yaliyowekwa mwaka 2012 kwa ushirikiano na Oman. Mzanzibari mwenye jamaa Muscat apige picha hapo.

Na usiku?

Kutoka Bugis panda njia ya buluu vituo viwili hadi Bayfront. Pale kuna Gardens by the Bay, bustani yenye miti ya chuma iliyovikwa mimea hai, mirefu hadi mita 50. Kutembea chini yake ni bure. Saa 1:45 na saa 2:45 usiku taa zake huchezeshwa kwa muziki. Watu hulala chali kwenye sakafu wakitazama juu, nawe lala. Kisha vuka daraja la Helix kwa miguu uione sanamu ya Merlion, simba mwenye mkia wa samaki, ng'ambo ya maji.

Mimi ni mtu wa historia. Kuna kitu kinachotuhusu?

Jumba la makumbusho la Asian Civilisations Museum, karibu na Merlion. Mna shehena ya jahazi lililozama karne ya 9 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, na kugunduliwa mwaka 1998: makumi ya maelfu ya bakuli za Kichina. Jahazi lenyewe lilishonwa kwa kamba, bila msumari, kama mtepe wa Lamu. Kiingilio hulipwa.

Watanielewa?

Kiingereza kinatosha kila mahali. Lakini Kimalay ndiyo lugha ya taifa, na masikio yako yatashtuka. "Apa khabar?" ni "habari gani?" Bendera ni *bendera*, dunia ni *dunia*, sabuni ni *sabun*, meza ni *meja*, nanasi ni *nanas*. Maneno hayo yalikuja kwao na kwetu kwa njia zilezile za bahari, kwa Waarabu na Wareno. Mwambie mama muuza chakula "apa khabar" uone anavyotabasamu.

## Chakula

Nitapata halali? Na nianze na nini?

Utapata bila taabu. Tafuta cheti cha halali cha MUIS, baraza la Kiislamu la Singapore, kibandani. Kampong Gelam karibu kila mlango ni halali.

Mbele ya Msikiti wa Sultan kuna mkahawa wa Zam Zam, ulioanza mwaka 1908, unaouza *murtabak*. Mtu wa Mombasa ataitazama na kusema: huu ni mkate mayai. Ndiyo wenyewe. Mpishi hutandaza unga hadi unaona kaunta chini yake, anajaza nyama, mayai na vitunguu, anakunja pembe nne, anaugeuza kwenye chuma cha moto.

*Nasi lemak* ni wali wa nazi, na huja na dagaa wakavu waliokaangwa. *Satay* ni mishkaki yenye mchuzi wa karanga. Ukitaka chai ya maziwa ya tangawizi, sema "teh halia". Chakula kwenye vibanda ni kama dola tano hadi saba. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza tupu, usikae: mwenyewe amekwenda kupanga foleni, na hiyo ndiyo alama yake. Ukimaliza, rudisha sinia. Kuna rafu ya halali na ya isiyo halali, zimeandikwa.

Doriani?

Mpo mnaolijua tunda hili kutoka Zanzibar. Ipo, na aina zake ni nyingi kuliko zetu. Ila hairuhusiwi kwenye treni, kwa hiyo uile palepale unapoinunua. Shokishoki pia utaziona.

## Hali zisizo za kawaida

Nina tiketi mbili tofauti.

Basi wewe si wa transiti. Utapita uhamiaji, utachukua begi, utajiandikisha upya. Lazima ukidhi masharti yote ya kuingia nchini, na shirika la kwanza linaweza kukukatalia kupanda nyumbani ukiyakosa. Acha nafasi ya saa nne angalau kati ya ndege mbili, na zaidi kama ya kwanza ina sifa ya kuchelewa. Ikichelewa, usiende mjini.

Nafika saa sita usiku, naondoka saa nne asubuhi.

Treni zimelala, huanza tena kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lala uwanjani. Jua huchomoza karibu saa moja, na saa za Singapore ziko tano mbele ya zetu, kwa hiyo mwili utadhani ni usiku wa manane. Kahawa na mkate wa siagi na jemu ya nazi uwanjani vinatosha. Kukimbilia mjini kwa saa moja si raha.

Nasafiri na watoto wadogo.

Jewel, vipepeo, na sehemu za kuchezea ndani ya majengo. Ukitoka, mtaa mmoja na teksi ya kurudi.

Nimebeba miraa, sigara, dawa au jojo.

Miraa usiibebe hata jani moja. Ina cathinone, ambayo kwa sheria ya Singapore ni dawa ya kulevya. Nchi hii hunyonga wasafirishaji wa baadhi ya dawa za kulevya, kwa hiyo usipokee "kifurushi kidogo" cha mtu yeyote, hata wa ukoo, ambacho hukukifunga mwenyewe. Sigara zote hutangazwa na kulipiwa ushuru, hakuna msamaha wa pakiti moja. Sigara za umeme zimepigwa marufuku kabisa. Jojo haziingizwi kuuzwa tangu mwaka 1992, ziache nyumbani. Dawa za kikohozi au maumivu zenye codeine huhitaji kibali kabla ya safari.

Nirudi saa ngapi hasa?

Uwe umepita uhamiaji saa mbili kabla ya ndege. Katika majengo ya 1, 2 na 3 ukaguzi wa mizigo ya mkononi hufanyika mlangoni pa ndege yenyewe, na wengi huchelewa hapo kwa sababu wanadhani wameshakaguliwa. Fika kwenye geti lako saa moja kabla. Maji ya chupa yanywe kabla ya kuingia. Chupa tupu ibebe, ya bomba hapa hunyweka.